Nane Mara Kumi na Mbili

Mjini Torino, Italia, katika miaka ya 1870, kulikuwa na mkulima aliyeitwa Michele Bertino. Tofali lilimwangukia kichwani likamvunja fuvu, na jeraha lilipopona pakabaki tundu lililofunikwa na ngozi peke yake. Aliyemtazama aliona ngozi ile ikipanda na kushuka kama utosi wa mtoto mchanga. Mwanafiziolojia Angelo Mosso akatega kifaa juu ya tundu lile, akakiunganisha na kalamu iliyochora kila pigo la ubongo kwenye karatasi iliyokuwa ikizunguka. Kifaa kingine akakifunga mkononi, ili ajue kama mabadiliko yatakayoonekana ni ya mwili mzima au ni ya kichwa tu.

Ikafika saa sita mchana, kengele za kanisa zikalia. Kalamu ya kichwani ikapanda. Ya mkononi ikabaki palepale. Mosso akamwuliza Bertino kama kengele zile zimemkumbusha kusali Salamu Maria. Akakubali, na kalamu ikapanda tena. Kisha akamwambia azidishe 8 kwa 12. Swali lilipoingia kalamu ikapanda.

Mimi huwa narudia tukio hili kila ninapofikiria sayansi ya ubongo, kwa sababu ndani yake yamo maswali yote yaliyofuata. Damu imejuaje kwamba hapa panafikiriwa? Imeongezeka kiasi gani? Na ilipofika, imeacha nini na imeondoka na nini? Swali la kwanza lilitafutiwa jibu kwa darubini na kemia. Hayo mawili ya mwisho hayawezi kujibiwa kwa kutazama. Fuvu ni sanduku lililofungwa, na mwenye kichwa anakihitaji kizima. Ilibidi watu wakae chini na kuandika hesabu.

Fuvu lenyewe lilikuwa limeshawapotosha wengi. Mwaka 1783 Alexander Monro wa Edinburgh alieleza kwamba ubongo umo ndani ya mfupa usiopanuka, na wenyewe haubanwi ukapungua, kwa hiyo damu iliyomo lazima iwe kiasi kilekile wakati wote. George Kellie wa Leith akaliunga mkono wazo hilo mwaka 1824. Hoja ilikuwa nzuri kuhusu ujazo, lakini waliokuja baadaye wakaichukua kana kwamba inahusu mwendo pia. Mto unaweza kuwa na kina kilekile huku maji yakienda mbio mara mbili. Mwaka 1890, Charles Roy na Charles Sherrington wa Cambridge waliandika kwamba ubongo una njia yake ya ndani: mabaki ya kemikali yanayotokana na kazi yake huipanua mishipa midogo, na damu ikafuata kazi. Leonard Hill akalipinga wazo hilo mwaka 1896, na kwa kuwa sauti yake ilikuwa nzito, watu wengi wakaliacha kwa miongo mitatu hivi.

Aliyeliamsha alikuwa mgonjwa. Katika miaka ya 1920 baharia mmoja alifika hospitalini Boston akilalamika kuumwa kichwa, macho kufifia, na mvumo usiokoma ndani ya kichwa. Daktari wa upasuaji Harvey Cushing alimpasua akakuta rundo la mishipa ya damu iliyosokotana kisogoni, mahali pa ubongo panaposhughulikia kuona. Haikuwezekana kuiondoa. Baharia akabaki na mvumo wake, na pengo la mfupa lililowaruhusu madaktari kuusikia vizuri. Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyegundua kwamba mvumo huzidi akitumia macho yake. Daktari John Fulton akaketi naye, akampa gazeti lenye maandishi madogo, akasikiliza na kurekodi: akisoma, mvumo unapanda, akiacha, baada ya muda unashuka. Fulton aliyachapisha hayo mwaka 1928. Kwa hiyo damu inafuata kazi, na inaifuata mahali pale pale kazi inapofanyika. Bado hapakuwa na tarakimu hata moja.

Tarakimu zilikuwa zikiandaliwa kwingine. Huko Copenhagen, August Krogh alikuwa akichunguza misuli, akitaka kujua oksijeni inaweza kusafiri umbali gani kutoka kwenye kapilari moja, mshipa mwembamba kabisa wa damu, kabla haijaisha. Alifikiri kila kapilari ni kama mfereji katikati ya mche duara wa nyama unaoutegemea. Mlinganyo wa umbo hilo ulimshinda, akaenda kwa mwanahisabati Agner Krarup Erlang, aliyekuwa mwajiriwa wa kampuni ya simu ya Copenhagen. Erlang kazi yake ya kila siku ilikuwa kuhesabu ni laini ngapi zinahitajika ili wapigaji simu wasisubiri sana. Akamtatulia Krogh mlinganyo wake, nao ukachapishwa mwaka 1919. Hadi leo, hesabu nyingi za oksijeni ndani ya ubongo huanzia kwenye mche duara ule.

Hatua kubwa ilifanywa Philadelphia na Seymour Kety pamoja na mkuu wake Carl Schmidt. Msingi wao ulikuwa wazo la Mjerumani Adolf Fick la mwaka 1870, ambalo mtu yeyote aliyewahi kununua maji ya ndoo atalielewa. Tuseme una pipa ndani ya nyumba iliyofungwa, na wachotaji wanaingia na kutoka bila wewe kuwaona. Ukijua kila ndoo imeacha maji kiasi gani, na ukajua pipa limejaa kiasi gani, utajua ndoo ngapi zimepita. Gawanya tu.

Shida ya ubongo ni kwamba pipa lake linavuja: oksijeni ikiingia inachomwa, glukosi ikiingia inatumiwa. Kety akatafuta kitu ambacho ubongo haukitumii kabisa, kinaingia na kukaa tu. Akachagua gesi ya nitrasi oksaidi, ile waliyoijua madaktari wa usingizi. Mtu alilala kitandani akavuta kwa dakika 10 hewa yenye asilimia 15 ya gesi hiyo. Sindano moja ilikuwa kwenye ateri, ikitoa damu inayoingia; nyingine ilikuwa juu kabisa ya vena kuu ya shingo, inapotokea damu iliyokwisha kupita ubongoni. Kila baada ya muda walichota damu pande zote mbili, wakapima gesi, wakachora mistari miwili. Ule wa ateri ulipanda haraka. Ule wa vena ulijikokota nyuma yake, kwa sababu ubongo ulikuwa bado unameza gesi. Baada ya dakika 10 mistari ikakutana.

Eneo lililobaki kati ya mistari miwili ni jumla ya kile kilichoachwa na kila mililita ya damu. Lakini pipa limejaa kiasi gani, na wewe huwezi kufungua fuvu? Hapo ndipo akili ya Kety ilipong'aa. Mistari ikishakutana, ubongo na damu inayotoka humo vimelingana. Kwa hiyo sampuli ya mwisho ya vena inakuambia kiasi kilichomo ndani ya ubongo, bila kuugusa.

Katika ripoti yao ya mwaka 1948, vijana wenye afya walikuwa na mililita 54 za damu kwa kila gramu 100 za ubongo kwa dakika. Ukizidisha kwa tofauti ya oksijeni kati ya ateri na vena unapata mililita 3.3 za oksijeni. Chukua ubongo wa gramu 1,400: damu ni kama mililita 756 kila dakika, na oksijeni kama 46. Kila mililita ya oksijeni inayochoma sukari hutoa jouli 21 hivi. Basi kiungo kinachozidi kidogo asilimia 2 ya uzito wa mwili kinachukua karibu moja ya tano ya oksijeni yote ya mtu aliyepumzika, na kinaendeshwa kwa wati 16. Taa ndogo ya sebuleni.

Kisha Kety, Louis Sokoloff na wenzao wakarudia, kwa vipimo hivi vipya, jambo lilelile la Mosso. Waliwapa watu hesabu za kufanya kichwani, wakapima damu na oksijeni ya ubongo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1955: hapana mabadiliko. Mtu akipiga hesabu au akitulia, ubongo wake unatumia kiasi kilekile.

Je, Mosso alikosea? Hapana. Kosa lilikuwa kwenye ukubwa wa pipa. Njia ya Kety ilijumlisha ubongo mzima, na kutafuta hesabu ya kichwa ndani ya jumla ile ni sawa na kutazama mita ya umeme ya mji mzima ili ujue kama nyumba fulani imewasha taa. Kety mwenyewe alikuwa ameshaliona hilo: mwaka 1951 aliandika milinganyo inayoruhusu kila kipande cha nyama kiwe na hesabu yake. Wenzake wakaitumia kwa paka walio macho, kwa gesi yenye mionzi. Kisha wakakata ubongo vipande vyembamba na kuvilaza juu ya filamu. Panapopita damu nyingi, filamu inaungua zaidi. Paka walipomulikwa machoni, njia za kuona zikajitokeza. Niels Lassen wa Copenhagen na David Ingvar wa Lund wakaipeleka kazi hiyo kwa binadamu kwa kutumia xenoni-133 na vihesabio 254 vilivyopangwa kandokando ya kichwa.

Sokoloff alikuwa na hamu ya kitu kingine. Damu ni gari tu, naye alitaka kujua shehena. Akachagua deoksiglukosi, ndugu wa glukosi aliyepungukiwa na atomu moja ya oksijeni. Huyu huingia kwenye seli kwa mlango uleule wa glukosi, hugongwa muhuri wa fosfati kama glukosi, halafu hukwama, maana hatua inayofuata haimtambui. Seli yenye njaa hukusanya wengi waliokwama. Lakini walionaswa sio glukosi yenyewe. Ni wageni wanaofanana nayo. Ili kutoka idadi ya wageni hadi idadi ya wenyeji, Sokoloff aliandika modeli yenye vyumba vitatu: damu, nyama, na chumba cha waliogongwa muhuri, kila mlango ukiwa na kasi yake. Tofauti zote kati ya mgeni na mwenyeji akazifunga katika namba moja, ambayo kwa panya weupe aliipima kuwa 0.483. Makala yake ilitoka mwaka 1977. Ni kazi ya mtu mwenye subira, na kwa maoni yangu ndiyo nzuri kuliko zote katika historia hii, kwa sababu hakuna kitu ndani yake kilichoachwa kwa kubahatisha.

Hata kabla makala haijatoka, wazo lilishapanda ndege. Agosti 1976, deoksiglukosi iliyobandikwa florini-18 ilitengenezwa katika maabara ya Brookhaven, kwenye kisiwa cha Long Island, ikasafirishwa kwa ndege ndogo hadi Philadelphia na kudungwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza. Florini hiyo hupungua nusu kila dakika 110, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kuchelewa njiani. Dawa hiyohiyo ndiyo inayotumika leo katika mashine za picha ziitwazo PET kutafuta saratani.

Sasa tufike St. Louis, mwaka 1986. Peter Fox na Marcus Raichle walikuwa na PET pamoja na oksijeni-15, inayopungua nusu kila dakika mbili. Waliwatetemesha watu vidole, wakatazama sehemu ya ubongo inayohisi vidole. Tangu wazo la Roy na Sherrington lilipoamshwa tena, wengi waliamini kwamba damu inaongezeka ili kuleta oksijeni, basi viwili hivi vitapanda pamoja. Damu ilipanda asilimia 29. Oksijeni iliyotumika ilipanda asilimia 5.

Mwaka 1988 wakarudia kwa macho, wakaongeza glukosi. Damu asilimia 50, glukosi asilimia 51, oksijeni asilimia 5 tu.

Ni vigumu kueleza jinsi tarakimu hizi zilivyowashtua watu wa fani hii. Glukosi moja ikichomwa kikamilifu kwa oksijeni hutoa kama 30 za ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Ikiishia njiani kwenye laktati, bila oksijeni, hutoa 2. Ubongo, uliojulikana kwa kuchoma sukari yake kwa uangalifu, ulionekana ghafla kama mpishi anayetupa nusu ya unga jalalani. Wengine walisema vipimo ni vibovu. Fox na Raichle walisimama na tarakimu zao.

Na tofauti ile ndiyo iliyoleta mwanga. Mwaka 1936 Linus Pauling na Charles Coryell walikuwa wameonyesha kwamba hemoglobini iliyopoteza oksijeni huvutwa na sumaku, na iliyobeba oksijeni haivutwi. Mjapani Seiji Ogawa, katika Maabara za Bell huko New Jersey, aliwaweka panya ndani ya sumaku yenye nguvu akaona vena zao zimejichora kama nyuzi nyeusi. Panya wakivuta oksijeni tupu, nyuzi zinafutika. Akachapisha mwaka 1990. Maabara ile ilikuwa ya kampuni ya simu, kama ile ya Erlang. Sasa unganisha na St. Louis: kama damu inaongezeka kwa 29 na oksijeni inayochukuliwa inaongezeka kwa 5, basi damu inayotoka penye kazi imebaki nyekundu zaidi, weusi unapungua, na mashine ya MRI, inayopiga picha kwa sumaku, inaona panang'aa. Vikundi kadhaa vya Marekani vilionyesha hivyo kwa binadamu mwaka 1992. Picha za rangi za ubongo ambazo sote tumeziona magazetini zimetokana na tofauti ile ambayo wengine waliiita kosa la vipimo.

Lakini kwa nini iwe hivyo? Luc Pellerin na Pierre Magistretti wa Lausanne walipendekeza mwaka 1994 kwamba seli zinazozilea neva, astrositi, huchukua glukosi, huifikisha kwenye laktati na kuwapa jirani zao neva waimalizie. Mjadala juu ya hilo haujaisha. Richard Buxton na Lawrence Frank wa San Diego wakatoa jibu la namna nyingine mwaka 1997, na hilo ni hesabu tupu.

Fikiria daladala. Zikienda mbio, zinapita nyingi zaidi kwa saa, lakini kila moja inasimama muda mfupi zaidi kituoni, na abiria waliotaka kushuka wanapitilizwa. Damu nayo ikikimbia ndani ya kapilari, oksijeni inapata muda mfupi wa kushuka. Wakati wa mapumziko ubongo huteremsha karibu asilimia 40 ya oksijeni iliyopanda. Buxton na Frank waliandika hivi: chukua kile kisichoteremka, yaani 0.6, kiinue kwa kipeo cha 1 gawanya kwa ongezeko la damu, kinachopungua kufikia 1 ndicho kinachoteremka sasa. Nimeipiga hesabu hiyo mwenyewe kwa kikokotoo cha simu. Damu ikiwa mara 1.29, 0.6 inageuka 0.673, kinachoteremka kinakuwa 0.327. Zidisha kwa 1.29, gawanya kwa 0.4. Unapata 1.055. Asilimia tano na nusu.

Mara ya kwanza nilipoiona namba hiyo kwenye kioo cha simu nilinyamaza. Tarakimu iliyoonekana kama uzembe wa ubongo ni gharama ya lazima: ili kuteremsha abiria watano zaidi, itabidi upitishe magari karibu thelathini zaidi. Kwa macho, mara 1.5, mlinganyo unatoa asilimia 8 badala ya 5, na waliofuata, akina Albert Gjedde, walionyesha kwamba dhana ya kwamba nyama haina akiba yoyote ya oksijeni ilikuwa kali mno. Modeli ikarekebishwa. Umbo lake limebaki.

Mwaka 1998 Buxton, Eric Wong na Frank waliongeza wakati ndani ya hesabu. Vena, walisema, ni kama puto: damu ikiongezeka kuingia, ukuta unatanuka kabla kutoka hakujalingana na kuingia. Daftari mbili zikafunguliwa, moja ya ujazo wa damu, nyingine ya hemoglobini iliyopoteza oksijeni, na kila moja ikafuata sheria ileile ya Fick: kilichoingia kutoa kilichotoka. Karl Friston na wenzake wa London wakaiunganisha mwaka 2000 na ishara inayotoka kwenye neva, na mwaka 2002 Agnès Aubert na Robert Costalat wa Paris wakaandika milinganyo inayoanza na sodiamu kuingia kwenye seli, kupitia ATP, glukosi na laktati, hadi mng'aro wa MRI.

Mlaze mtu leo ndani ya mashine hiyo na umwulize 8 mara 12 ni ngapi. Sekunde moja au mbili hakuna kitu. Kisha mstari unapanda, unafika kileleni kama sekunde tano baada ya swali, unashuka. Ukishafika ulipoanzia hausimami: unazama chini kidogo ya mwanzo, na katika majaribio marefu hukaa huko nusu dakika au zaidi kabla ya kurudi. Wa puto wanasema ni vena iliyotanuka, bado haijanywea. Wengine wanasema damu imeshaondoka ila seli zinaendelea kuvuta oksijeni, zikirudisha sodiamu nje na kulipia kazi iliyokwisha kufanyika. Milinganyo ya pande zote mbili inachora mstari uleule.